Fundi bomba kaniandikia 1,818,000: nimepigwa, au ndiyo bei?

BARUA

Shikamoo Mzee wa Koki,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Magomeni hapa Mtwara na mama yangu na wanangu wawili. Nyumba aliijenga marehemu baba: vyumba vitatu, jiko la ndani, choo na bafu humohumo, karo la kufulia liko nyuma. Mabomba ni yale ya chuma ya zamani, mengine yamo ukutani, mengine yamefukiwa. Yamechoka. Asubuhi ukifungua koki, maji ya kwanza ni strungi tupu, tunayamwaga. Jikoni yanatoka kama uzi wa cherehani. Ankara nayo inapanda, na watu ni walewale wanne. Usiku mmoja jirani alinipeleka kwenye dira na tochi ya simu: koki zote tumefunga, kigurudumu kidogo kinazunguka taratibu kama kinatucheka.

Msimu huu korosho za mama zimepata bei nzuri mnadani, hela imeingia benki, na mimi nimekopa laki nane kwenye VICOBA yetu. Tukasema basi, tuachane na chuma, tuweke PPR, yale mabomba ya plastiki.

Mjomba akaniletea fundi, mtu mzima, wanaswali msikiti mmoja. Kwa adabu sina neno naye. Alikuja na futi, akapima, akagonga ukuta kwa nyundo, akapanda mnara wa simtanki, akawa anaandika kwenye daftari. Baada ya siku mbili akaleta karatasi hii:

Bomba PPR robo tatu (mm 25), vipande 22 kwa 18,000: 396,000
Bomba PPR nusu inchi (mm 20), vipande 6 kwa 12,000: 72,000
Fitingi, jumla: 320,000
Valvu 6 kwa 25,000: 150,000
Koki 5 kwa 22,000: 110,000
Saruji, mchanga, thredi tepu: 60,000
Usafiri: 60,000
Ufundi: 650,000
JUMLA: 1,818,000

Anasema ni kazi ya siku sita, yeye na kijana wake.

Mwalimu mwenzangu akanipa namba ya fundi mwingine, kijana. Huyo alisimama mlangoni, akachungulia jikoni, akasema, "Mwalimu, nipe laki tisa, kila kitu juu yangu, siku mbili nimekuachia maji." Nikamwomba aniandikie. Akacheka. "Mwalimu bwana, sisi tutaandikishana?"

Nilipita pia duka moja la vifaa vya ujenzi. Bomba la robo tatu nikaambiwa 15,000, si 18,000. Nikamgusia mjomba kwa upole. Akanuna. "Mtu nimemleta mimi, wewe unakwenda kumpima madukani?" Na huku kwetu unajua, mjomba ni mjomba. Tangu siku hiyo akija anasalimia mama tu, anakunywa chai, anaondoka.

Naomba uniambie, Mzee. Hiyo milioni moja na laki nane ni halali? Hiyo 918,000 ya tofauti kati ya mafundi wawili inatoka wapi? Na mjomba namwingiaje?

Kama itakusaidia, nilipima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani: kutoka dira hadi mguu wa mnara ni mita 18. Mnara una mita 3 na umeegemea nyumba. Bomba litapita ukuta wa nyuma, mita 16, kutoka jikoni hadi karo.

Mwalimu, Magomeni, Mtwara

JIBU

Marahaba, mwalimu. Mama msalimie sana.

Umepima mita 18 kwa futi ya cherehani, ile yenye sentimita 150? Yaani umeinama na kuinuka mara 12. Mimi nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana pale Lindi na nimeona wenye nyumba wachache sana waliopima chochote kabla ya kulalamika. Kwa hiyo leo kazi yangu ni nyepesi, nusu umeshaifanya wewe.

Kwanza nikutoe wasiwasi: kubadilisha ni sawa. Wako watu wanaong'oa nyumba nzima kwa sababu ya tone moja chini ya sinki, wewe si mmoja wao. Strungi ya asubuhi ni kutu iliyolala ndani ya bomba usiku kucha, na huo uzi wa jikoni ni kutu hiyohiyo imejaa hadi tundu limebaki la kupita penseli. Kuziba panapovuja hakutalirudisha tundu.

Sasa karatasi. Usianzie kwenye jumla. Jumla inakutisha tu, haikuambii kitu. Anzia kwenye bomba, kwa sababu bomba linapimika.

Chukua kalamu. Dira hadi mnara, mita 18. Kupanda, weka 4, maana mnara ni 3 lakini maji yanaingilia juu ya tenki. Kushuka, weka 4 tena. Ukuta wa nyuma 16. Hizo ni 42. PPR huuzwa kwa vipande vya mita 4, kwa hiyo ni vipande 10 na nusu. Unanunua 11, unaongeza kimoja cha kukosea. Vipande 12. Fundi wako kaandika 22, yaani mita 88. Vipande 10 visivyo na pa kukaa, kwa bei yake mwenyewe, ni 180,000.

Subiri kwanza, usimpigie simu mjomba. Kuna njia moja ambayo fundi mwaminifu anaweza kuzidisha bomba: laini mbili. Moja inatoka kwenye tenki, nyingine inakuja moja kwa moja kutoka dira, ili maji ya bomba yakiwepo jikoni pate presha nzuri bila kupitia mnarani. Ni mpango mzuri, mimi nimeuweka nyumba nyingi. Akikata tii, kile kiungio cha njia tatu, hapo chini ya mnara na kupitisha laini ya pili ukuta uleule, anaongeza mita 16. Zinakuwa 58, vipande 15, ukiongeza viwili vya akiba ni 17. Hata hapo 22 hatufiki, vitano vinabaki hewani. Na kuna jambo jingine. Laini mbili zikikutana lazima kuwe na valvu ya njia moja, ile isiyoruhusu maji kurudi nyuma, la sivyo siku maji ya mamlaka yakikatika, tenki lako linamwagikia kwenye bomba la mtaa na unabaki unashangaa. Kwenye karatasi naona "valvu 6" tu, hazina jina. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwake ni rahisi na halina tusi: "Fundi, ni laini moja au mbili?" Akisema mbili, mwombe akuonyeshe valvu ya njia moja iko wapi kati ya hizo sita. Akisema moja, mpe futi mpime wote.

Nusu inchi vipande 6, yaani mita 24 za kuchepusha kwenda sinki, bafu, choo, pa kunawia na karo. Ningefika na vitano. Cha sita si dhambi.

Hii habari ya 15,000 na 18,000 itazame vizuri kabla hujamwita mtu mwizi. Bomba la PPR lina maandishi ubavuni, madogo, watu hawayasomi. Tafuta herufi PN. Kwa robo tatu utakuta moja ya hizi: PN10, ambayo unene wa ukuta wake ni mm 2.3, PN16, mm 3.5, PN20, mm 4.2. Kwa nje yote ni mm 25, rangi ileile, yakipangwa dukani yanafanana kama mapacha. Ukiyatazama mdomoni ndipo unaona moja lina midomo minene na jingine ni jembamba. Inawezekana kabisa fundi amekupigia hesabu ya PN20 na duka likakutajia PN16, na wote wawili wamesema kweli. Inawezekana pia duka lilikutajia PN10, hapo 15,000 ni ghali.

Na hapa kuna hela yako ya halali ambayo hakuna aliyekuambia. Namba hiyo ni presha inayohimiliwa na bomba katika maji ya baridi: PN16 ni ba 16. Ba moja ni sawa na maji yaliyosimama mita 10. Tenki lako liko juu ya mnara wa mita 3, linakupa ba 0.3 na kidogo. Unene wa PN20 unahitajika hasa pakiwa na maji ya moto, na hujaniambia una hita. Mimi ningeweka PN16 nyumba nzima na nikalala. Ila kama mwakani unafikiria hita bafuni, kipande cha kwenda huko kiwe PN20 tangu sasa, kwa sababu hutabomoa vigae mara mbili. PN10 ikiletwa, irudishe dukani.

Kitu kimoja sikukiona kabisa kwenye karatasi: bomba linalopanda mnara litakaa juani. PPR hailipendi jua, miaka michache linakuwa gumu na kukatika kama muwa mkavu. Lifunikwe au lipakwe rangi. Gharama yake ni ndogo, lakini iandikwe.

Tuje kwenye mstari ulionifanya nivae miwani: "Fitingi, jumla: 320,000."

Mwalimu, cha juu hulala hapo. Bomba ni refu, unaliona, unalihesabu. Valvu unaishika. Lakini fitingi, yaani viungio kama elbo za kona, tii, soketi na nipo, ni vitu vya kwenye mfuko mweusi, vinaingia ukutani, vinapigwa plasta, nani atavifukua? Najua kwa sababu nilikuwa nalala hapo mimi mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilipata kazi Mtanda, kwa mwalimu mstaafu wa kike, mama mpole kwelikweli. Nikaandika elbo 40. Nilizotumia ni 23. Jioni kabla sijapiga plasta, kaja na chaki ya ubaoni, akawa anapita ukutani anaandika namba juu ya kila elbo: 1, 2, 3, kwa mwandiko ule wa darasa la kwanza, mzuri. Alipofika 23 akasimama. Hakusema lolote. Akaniita chai, ilikuwa na maandazi, akanilipa ufundi wangu wote hadi senti. Mimi yale maandazi sikuweza kuyameza. Kesho yake alfajiri nilimrudishia zile 17 kwenye mfuko uleule wa duka. Namba za chaki nilizipiga plasta kwa mkono wangu, bado zimo humo.

Wewe usingoje chaki. Mwambie afumue huo mstari: elbo za mm 25 ngapi, za mm 20 ngapi, tii ngapi, soketi ngapi, na zile elbo zenye uzi wa shaba ndani ngapi. Hizo za shaba ndizo ghali kuliko zote, na hesabu yake ni nyepesi: moja kwa kila mahali maji yanapotokea. Kwako ni tano. Akiandika kumi na mbili, muulize hizo saba zitatoa maji wapi. Tii hazitazidi kona zako za kuchepukia. Elbo za kawaida mwachie nafasi, nyumba ya zamani ina kona ambazo hazionekani mpaka nyundo ipite.

Valvu sita si nyingi kama kila moja ina kazi: baada ya dira, kwenye kutoka kwa tenki, ya kusafishia tenki, ya jikoni, ya bafuni, na hiyo ya njia moja kama ipo. Ziandikwe majina. Na boya la tenki liko wapi? Kama la zamani ni zima, sawa. Kama limechoka, utaweka mabomba mapya halafu tenki lifurike usiku, na ankara irudi palepale.

Koki na saruji sina la kusema. Usafiri 60,000 nina la kusema: hivi vipande vya bomba na mfuko wa fitingi ni guta moja, safari moja, ndani ya mji huohuo. Kama anaagiza Dar aseme hivyo, na mimi nitamuuliza kwa nini, wakati bei ya duka la Mtwara tayari imeshabeba nauli ya hiyo njia ya zaidi ya kilomita 500. (Wala usimshike kwa risiti ya jirani ya miaka ya nyuma. Njia yetu hii tunaijua. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata kule Somanga, magari yakalala barabarani. Bei ya vifaa iulizwe wiki ileile ya kununua.)

Ufundi 650,000. Najua macho yako yalikwenda hapo kwanza, wote ndivyo. Ukipunguza popote, usipunguze hapo. Gawa kwa siku sita: ni kama 108,000 kwa siku, kwa watu wawili, na ndani yake kuna mashine ya kuchomea, grainda na visu vyake, mtaro wa mita 18 na ukuta wa kukata na kurudishia. Muulize jirani anayejenga anamlipa fundi mwashi na saidia fundi wake kiasi gani kwa siku, linganisha mwenyewe. Kwangu mimi hiyo si dhuluma. Ila maneno yake yaandikwe: je, kufukia mtaro kumo? Plasta imo? Na mabomba ya chuma yanayong'olewa ni ya nani? Hilo la mwisho watu hulisahau. Chuma chakavu kinanunuliwa kwa kilo, na kijana wa fundi hukipakia kimyakimya siku ya tatu. Ni chako, ukitaka kumpa mpe kwa mdomo wako. Yaliyo ndani kabisa ya ukuta na hayasumbui, yakatwe na kuachwa humohumo, utaokoa plasta.

Sasa tumchukue kijana wa laki tisa. Tumpigie hesabu kwa bei zilezile za mwenzake, kwa vipande 12 badala ya 22: bomba 216,000 na 72,000, valvu 150,000, koki 110,000, saruji 60,000, usafiri 60,000. Ni 668,000 na hatujanunua elbo hata moja. Anabakiwa na 232,000 ya fitingi zote na ya mdomo wake na wa msaidizi. Haiwezekani, labda akununulie PN10, akuwekee nusu inchi nyumba nzima, na huko ndani ya ukuta aunganishe plastiki mpya na chuma chako cha zamani kisha apake plasta. Strungi utaendelea kunywa. Hiyo 918,000 unayouliza inatoka wapi, kama theluthi inatoka kwenye karatasi ya yule mtu mzima iliyonona, na iliyobaki inatoka kwenye vitu ambavyo kijana hatavifanya.

Na siku mbili! PPR haigundishwi kwa gundi, inayeyushwa. Mashine inafika nyuzi 260 za Selsiasi. Bomba la mm 20 linakaa motoni sekunde 5, la mm 25 sekunde 7, kisha unaliingiza moja kwa moja bila kulizungusha na unalishikilia lipoe. Mwenye haraka huliacha sekunde 12 akiongea na simu. Nje utaona kiungio kizuri, kina pete safi. Ndani plastiki imeyeyuka ikavimba, tundu limebaki robo. Ukitaka kujua fundi wa aina gani umempata, kaa karibu siku ya kwanza usikilize kama midomo yake inahesabu.

Kwa hiyo mimi ningechukua wa mjomba. Si kwa sababu ni wa mjomba. Alipima, akapanda mnara, akaandika mstari kwa mstari, na mtu aliyeandika mnaweza kubishana naye. Karatasi ikishafumuliwa sitashangaa ikishuka hadi kwenye milioni moja na nusu, pamoja na boya. Ikishuka chini zaidi nami nitaanza kuogopa.

Vifaa nunua mwenyewe. Nenda naye dukani, yeye achague, wewe ulipe, risiti ya EFD iandikwe jina lako, na mwenye duka akubali mbele yenu kwamba kisichofunguliwa kitarudi. Maduka mengi humpa fundi bei nafuu kuliko yako. Hiyo tofauti ndogo akiipata, mwache, kapoteza nusu siku yake juani. Ukitaka kuwa muungwana zaidi, mpe hela ya usumbufu waziwazi na umwambie ndiyo hiyo, hakuna nyingine nyuma ya pazia.

Mjomba. Hapa napita kwa vidole, maana kila nyumba ina mila yake. Kosa lako si kuuliza bei. Ulikwenda dukani kwanza ukaja kwake na majibu, na kwa mtu wa umri wake hilo ni kama umemshitaki. Mfuate wewe, usingoje aje, peke yako, kabla fundi hajaitwa. Mwambie: "Mjomba, fundi wako nimempenda na ndiye nitakayempa kazi. Lakini hela hii nusu ni ya kikundi, katibu atataka kuona kila shilingi. Nisaidie kumuuliza mambo mawili, mimi mwanamke peke yangu atanizungusha." Si uongo, VICOBA inataka karatasi kweli. Halafu siku ya kukaa, maswali ayaulize yeye, wewe shika kalamu. Mjomba akiuliza fitingi ziko ngapi, hakuna aliyepimwa, anamsimamia mtu wake. Na fundi hatathubutu kumwambia yeye kwamba "hatuandikishani".

Malipo ya ufundi yagawe mara tatu: 200,000 siku ya kuanza, 250,000 bomba likishapreshwa na kabla ya plasta, 200,000 baada ya wiki moja ya kutumia. Kupresha asikuonyeshe kwa kufungulia tenki. Nimekwambia mnara wako ni ba 0.3, hiyo haigundui kitu. Alete pampu ya mkono yenye geji, sehemu zote za koki zizibwe kwa plagi, asukume hadi ba 10. Nusu saa ya mwanzo sindano itashuka kidogo kwa sababu plastiki inatanuka, aongeze. Baada ya hapo, saa nzima, sindano isisogee. Kama hana pampu aazime kwa mwenzake, mjini hazikosekani. Kijana wa fundi akikwambia "mama, hii imeshika", mwonyeshe kiti akae aangalie geji na wewe.

Hilo fungu la mwisho la 200,000 nalo lina mtihani wake, na hauna gharama. Usiku wa siku ya saba, tenki likishajaa, funga koki zote, nenda kwenye dira na tochi ileile. Andika namba zote hadi zile nyekundu za mwisho, na utazame kile kigurudumu. Lala. Asubuhi, kabla mtoto hajaamka kwenda chooni, rudi ukasome tena. Namba zikiwa palepale, mpigie fundi aje achukue hela yake, na chai iwe jikoni.

Mzee wa Koki, Lindi